Gia Inaporuka: Mwenye Gari Kuukuu na Msaada wa Fundi

Si ajabu kuikuta familia ya askari mstaafu ikimiliki gari moja tu, na gari hilo likawa na umri mkubwa kuliko watoto wote wanaolipanda. Lilinunuliwa kwa sehemu ya kiinua mgongo, likapakwa rangi upya, na tangu hapo ndilo linalopeleka mazao sokoni, mgonjwa hospitalini, na mwanafunzi shuleni siku ya kufungua muhula. Gari la namna hiyo likiharibika rejeta au breki, fundi wa jirani huweza kulitengeneza kabla jua halijatua. Lakini linapoharibika giaboksi, mambo hubadilika. Kazi ni nzito, spea ni adimu, na mafundi wanaoijua vema wanazidi kuzeeka. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, na aghalabu hazipotei kwa sababu gari halitengenezeki, bali kwa sababu msaada ulitafutwa kwa pupa.

Ukurasa wa juma hili unaeleza namna ya kuutafuta msaada huo kwa utaratibu: jinsi ya kuusikiliza ugonjwa wa gari, jinsi ya kumpima fundi kabla ya kumkabidhi spana, na jinsi ya kuilinda mifuko ya nyumba pamoja na maisha ya watu.

GARI LENYEWE

Gari litakalokuwa mfano ni Land Rover ya Series III, kwa maana ni gari ambalo askari wengi wa Afrika Mashariki walilifahamu kazini kabla ya kulifahamu nyumbani. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani katika maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Series II ilifuata mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Kwa hiyo hata ile iliyo changa kabisa katika ukoo huo ina umri wa miaka ipatayo 40.

Nyuma ya injini limefungwa sanduku la gia, ambalo wengi huliita giaboksi, lenye gia 4 za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Mgongoni mwa sanduku hilo limeungwa sanduku la pili liitwalo transfa. Kazi ya transfa ni kugawa nguvu kwenda ekseli ya nyuma na ya mbele, na ndiyo yenye mikono miwili ya ziada ambayo mgeni wa gari hili huishangaa. Mkono wenye kirungu chekundu huchagua baina ya mwendo wa kawaida na mwendo mzito wa polepole. Wenye kirungu cha njano huunganisha magurudumu ya mbele.

Kila sanduku lina oili yake. La gia hupokea lita 1.5 na transfa hupokea lita 2.5, zote oili ya gia namba 90. Mpaka wa masanduku hayo mawili hulindwa na sili ndogo inayoenea kiganjani. Sili hiyo ikichakaa, oili ya sanduku la gia huhamia katika transfa kidogo kidogo, bila hata tone moja kudondoka chini. Mwenye gari akichungulia uvunguni huona pakavu, akafurahi. Kumbe beringi na meno ya gia vinasagana kwa kiu, ilhali transfa imeshiba kupita kiasi. Huu ni ugonjwa mashuhuri wa Land Rover za zamani, na ndio uliozaa visa vingi vya giaboksi zilizotupwa kabla ya wakati wake.

MFANO WA MILIMANI

Chukua mfano wa sajini mstaafu anayeishi karibu na Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, nchi ya milima na viazi mviringo. Anateremka mlima na magunia nyuma, mkewe na mtoto wao wakiwa kando yake. Gari limo katika gia ya 3 ili injini isaidie kulizuia. Ghafla mkono wa gia unaruka na kurudi katikati. Injini haishiki tena, gari linaanza kukimbia lenyewe, na kazi yote inaangukia breki. Breki za Series III ni za ngoma kwa magurudumu yote manne, na ngoma zikipata moto mwingi nguvu zake za kukamata hupungua. Sajini anafanikiwa kulisimamisha gari ukingoni mwa barabara, lakini mkewe ameshuka na mtoto, naye hataki kupanda tena.

Fundi wa kwanza kuitwa ni kijana mwenye gereji kando ya barabara. Analiendesha gari mara moja, anatikisa kichwa, na kutoa hukumu: giaboksi imekufa, inunuliwe nyingine kutoka kwenye gari bovu, na nusu ya fedha itolewe leo kabla mtu mwingine hajaiwahi. Fedha anazozitaja zinakaribia sawasawa na zile zilizowekwa akiba kwa ajili ya ada ya binti yao mkubwa, anayesomea ualimu.

Mama wa nyumba hajui gia, lakini anajua kuuliza. "Baba Grace," anamwambia mumewe walipobaki wawili, "huyu kijana amejuaje kwamba imekufa, na hajafungua hata plagi moja?"

Swali hilo ni mlango wa hekima. Daktari anayeandika dawa bila kumgusa mgonjwa hakubaliki. Wala fundi anayehukumu sanduku asilolipima hafai kukubaliwa. Sajini anafunga safari kumwona mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya serikali, ambaye sasa hutengeneza magari machache uani kwake. Anaanza kumweleza kwamba giaboksi imekufa. Mzee anamkatiza kwa upole.

"Usinitajie ugonjwa, Afande. Niambie linavyolia, na linalia lini."

KUSIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA

Kufungua giaboksi ya Land Rover ni kazi ya siku kadhaa. Kuisikiliza ni kazi ya nusu saa, na yeyote anayejua kuendesha gari anaweza kuifanya. Afaaye ni mtu mwenye subira, daftari, na barabara isiyo na msongamano.

Kwanza, oili ipimwe gari likiwa limesimama mahali tambarare. Plagi za kipimo za masanduku yote mawili zifunguliwe. Ikiwa transfa inamwaga oili ya ziada na sanduku la gia limepungukiwa, habari ya sili tayari imepatikana. Oili kidogo ichujwe juu ya kitambaa cheupe. Vumbi laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Punje za rangi ya dhahabu ni shaba inayolika. Vipande vya chuma vyenye kona ni jino lililovunjika, na gari lisiendeshwe tena.

Pili, gari likiwa limesimama katika nyutro na injini ikizunguka, klachi ikanyagwe na kuachiwa. Mngurumo unaonyamaza klachi inapokanyagwa umo ndani ya sanduku la gia. Mlio unaoanza klachi inapokanyagwa ni wa beringi ya klachi yenyewe.

Tatu, ikiwa gia zinagoma kuingia injini inapozunguka, lakini zinaingia kwa ulaini injini ikizimwa, ugonjwa si wa gia bali wa klachi isiyoachia. Klachi ya Series II na III hufanya kazi kwa nguvu ya maji ya breki ndani ya paipu. Hewa ikiingia katika paipu, au mpira wa silinda ukichakaa, klachi haiachii sawasawa. Dawa yake ni kutoa hewa au kubadilisha mipira, kazi ya asubuhi moja. Ni hasara kubwa kuteremsha giaboksi nzima kwa kosa la mpira mdogo.

Nne, gari liendeshwe. Kelele inayosikika katika gia ya 1, 2 na 3, kisha ikatoweka katika gia ya 4, huelekeza kwenye shafti ya chini na beringi zake. Sababu yake ni rahisi. Katika gia tatu za mwanzo nguvu hushuka kwenye shafti ya chini na kupanda tena. Katika gia ya 4 nguvu hupita moja kwa moja, na shafti ya chini huzunguka bila mzigo. Lakini kelele iliyo sawa katika gia zote, inayopanda na kushuka kwa mwendo wa gari wala si kwa mwendo wa injini, yafaa itafutwe katika transfa, shafti za kwenda ekseli, au difu.

Tano, gia inayokwaruza wakati wa kuingia, kisha ikafanya kazi vizuri, huonyesha kwamba pete za kulinganisha mwendo zimechoka. Hapa ifahamike kwamba Land Rover za Series II zilikuwa na pete hizo katika gia ya 3 na ya 4 peke yake. Ni Series III iliyozipata katika gia zote za mbele. Dereva kijana anayekwaruza gia ya 2 ya Series II huenda akalilaumu gari ilhali halina kosa. Madereva wa zamani walifundishwa kukanyaga klachi mara mbili: mara ya kwanza kutoa gia na kuipeleka nyutro, kuachia, kupandisha injini kidogo wakati wa kushuka gia, kisha kukanyaga tena na kuingiza. Kwa ustadi huo gari lenye pete zilizochoka laweza kutumika muda mrefu bila kufunguliwa.

Sita, chini ya nyumba ya klachi lipo tundu dogo. Oili ikidondoka hapo, inuswe na itazamwe. Oili nyeusi yenye harufu ya moshi ni ya injini. Oili nzito yenye harufu kali kama ya kiberiti ni ya gia. Kwa hiyo hujulikana sili ipi ibadilishwe, ya injini au ya giaboksi.

Mwishoni mwa majaribio hayo, daftari la sajini lilikuwa na mistari mitatu: kelele katika gia ya 1, 2 na 3, kimya katika ya 4, transfa imezidi, sanduku la gia limepungua, punje za shaba kwenye kitambaa, hakuna vipande vya jino. Mzee akaisoma na kueleza. Sili ya katikati ilikufa kitambo, oili ikahama, beringi za shafti zikachakaa kwa kukosa oili, shafti zikaanza kucheza mbele na nyuma, na gia ya 3 ikakosa mshiko. Aliongeza kwamba huenda springi ndogo za kushikilia gia nazo zimelegea. Sanduku lilihitaji kufunguliwa, ndiyo. Lakini halikuwa limekufa.

KUMPIMA FUNDI

Ni nani basi wa kuaminiwa kwa kazi ya namna hii? Umri peke yake si cheti, wala gereji kubwa yenye bango zuri si dhamana. Zipo alama chache zinazosaidia.

Fundi mwema huuliza maswali kabla ya kutaja bei. Hukubali kufanya majaribio mbele ya mwenye gari. Husema waziwazi kitu asichokijua, na humtaja mwenzake anayekijua. Anacho kitabu cha matengenezo cha gari hilo, au anakubali kukitumia akiletewa. Vitabu vya Series III, vyenye michoro ya kila kipande kwa mpangilio wake, vimechapwa tena mara nyingi na vinapatikana. Bei ya kitabu ni ndogo mno ikilinganishwa na beringi moja iliyofungwa kinyume. Mwisho, fundi mwema hampi haraka mwenye mali. Anayesema "leo au basi" anauza hofu, hauzi kazi.

Wala si lazima kumtupa fundi kijana. Mzee wa mfano huu hakuwa tena na nguvu za kuinua sanduku la gia. Alipendekeza kijana yule yule wa barabarani aje afanye kazi ya mikono, yeye akiwa msimamizi na mwalimu. Kijana alisita kwanza, kisha akaja. Kwa njia hii kazi hupata nguvu na maarifa kwa pamoja, na ujuzi ambao ungezikwa na wazee hubaki kwa vijana.

NAMBA NA HERUFI

Watu wengi hununua spea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hawakujua walichokuwa wanakitafuta. Giaboksi za Land Rover zilibadilishwa sehemu za ndani mara kwa mara katika miaka ya kutengenezwa kwake, na mabadiliko hayo huonekana katika herufi ya mwisho ya namba iliyogongwa juu ya sanduku. Namba hiyo yote, pamoja na herufi yake, iandikwe kabla mtu hajapanda basi kwenda kununua spea Kampala. Kusema tu "ya Series III" hakutoshi.

Beringi na sili za zamani zisitupwe hadi mpya zipatikane. Beringi nyingi zina namba iliyochongwa ukingoni, na zaweza kupatikana katika maduka yanayouza beringi za kila aina, si lazima katika duka la spea za Land Rover. Sili nayo hupimwa kwa upana wa ndani, upana wa nje na unene. Anayekwenda dukani na kipande cha zamani mkononi hadanganywi kwa wepesi.

Kuhusu oili, izingatiwe kwamba namba 90 peke yake haielezi yote. Kwa sanduku lenye pete na bushi za shaba, yafaa kuchagua oili ya daraja la GL-4, kwa kuwa baadhi ya oili za daraja la GL-5 zina dawa zinazoweza kuidhuru shaba.

KARATASI MOJA YA MAPATANO

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya nati ya kwanza kulegezwa, pande mbili ziandike karatasi moja, na kila upande ubaki na nakala. Ndani yake yaandikwe haya: kazi itakayofanywa, gharama ya kazi bila spea, nani atakayenunua spea na kwamba risiti zitaonyeshwa, kwamba vipande vyote vya zamani vitarudishwa kwa mwenye gari, kwamba tatizo jipya likionekana, kazi itasimama hadi mwenye gari aarifiwe, na kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya gari kujaribiwa na pande zote mbili pamoja.

Katika nyumba ya sajini, mama ndiye aliyeiandika karatasi hiyo, kwa sababu ndiye mtunza hesabu. Alitenga fedha katika mafungu matatu: la kazi, la spea, na la dharura. Fungu la ada ya binti halikuingizwa katika hesabu hiyo, na mzee wa kazi aliambiwa hivyo tangu mwanzo. Fundi akijua mpaka wa fedha, huweza kushauri kipi kibadilishwe sasa na kipi chaweza kungoja.

SIKU YA KUFUNGUA

Hapa pana jambo ambalo kila mtu wa nyumbani hana budi kulifahamu, hata asiyeshika spana. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Hushika ngoma iliyofungwa nyuma ya transfa, mahali inapoanzia shafti ya kwenda ekseli ya nyuma. Maana yake ni kwamba shafti hiyo ikifunguliwa, breki ya mkono haizuii kitu. Hata gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, gari laweza kusogea, kwa sababu difu huruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka. Mtu aliyelala uvunguni akitegemea breki ya mkono ameuweka uhai wake katika jambo lisilokuwapo.

Kwa hiyo gari lisimamishwe mahali tambarare penye udongo mgumu. Magurudumu yazuiwe mbele na nyuma kwa vipande vya mti vilivyo imara. Jeki ni ya kuinulia tu; kazi ya kushikilia ni ya stendi za chuma au magogo mapana. Matofali yasitumike, kwani hupasuka bila kutoa taarifa. Watoto wasicheze karibu. Vipande visioshwe kwa petroli. Mafuta ya taa au dizeli yatosha, na moto wowote uwe mbali.

Faida moja ya Land Rover ni kwamba giaboksi yaweza kutolewa kwa juu, kupitia ndani ya kebini, bila kuiondoa injini. Vibamba vya sakafu na sanduku la viti hufunguliwa, kisha masanduku yote mawili huinuliwa pamoja kwa winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye mhimili madhubuti. Ni mzigo ambao watu wawili hawapaswi kujaribu kuubeba kwa mikono. Kabla ya kuinua, injini itegemezwe kwa chini ili isining'inie.

Kila hatua ipigwe picha kwa simu: waya ulipita wapi, plati ilitazama upande gani, vishimu vilikuwa vingapi. Bolti za kila sehemu ziwekwe katika kopo lake, na kopo liandikwe jina. Kazi hii yaweza kufanywa na mtoto mkubwa wa nyumba aliye makini, naye atajifunza. Beringi mpya isigongwe kwa nyundo juu ya chuma cha nje wakati inapoingizwa kwenye shafti. Isukumwe kwa bomba linalogusa pete ya ndani tu, la sivyo itaanza kulia kabla ya mwezi kwisha. Vipimo vya mchezo wa shafti na gia vifuatwe kama vilivyoandikwa kitabuni. Jicho la fundi ni zuri, lakini halioni sehemu ya milimita.

Maadamu sanduku limefunguliwa, sili zote zibadilishwe pamoja na springi za kushikilia gia, na plati ya klachi ikaguliwe. Vitu hivi ni vya bei ndogo, na kuvirudia baadaye ni kurudia kazi yote.

IKIWA SANDUKU HALIPONI

Wakati mwingine ukweli ni mchungu: kasha limepasuka, au gia kadhaa zimekatika meno. Hapo kununua sanduku lililotumika kwingine huwa ni uamuzi wa busara. Lakini nalo lipimwe. Herufi yake ilinganishwe. Oili yake imwagwe juu ya kitambaa. Shafti ya kuingilia izungushwe kwa mkono katika kila gia na kutikiswa juu na chini, kisha mbele na nyuma. Mwuzaji asiyetaka mfuniko ufunguliwe ana jambo analolificha, na fedha zibaki mfukoni.

BAADA YA KAZI

Gari la sajini lilikaa siku 12 juu ya magogo. Viazi vya majuma hayo vilibebwa na gari la jirani kwa malipo, na hilo liliuma. Spea ziligharimu zaidi ya ilivyotarajiwa kwa sababu pete mbili za shaba nazo zilikuwa zimekwisha. Fungu la dharura lilitumika karibu lote. Lakini ada ya binti ililipwa kwa wakati wake. Siku ya majaribio mzee alikaa kando ya dereva, kijana nyuma, na gari likateremshwa mlima ule ule bila mzigo, katika gia ya 3, mguu ukiwa tayari juu ya breki. Mkono wa gia haukutikisika. Mama alikubali kupanda juma lililofuata, baada ya kuona oili ikipimwa mbele ya macho yake na kukutwa mahali pake.

Giaboksi iliyotengenezwa hutunzwa kwa mambo machache. Oili ya masanduku yote mawili ipimwe baada ya juma la kwanza, kisha kila mwezi, na tarehe iandikwe. Mkono usiegemezwe juu ya kirungu cha gia wakati wa safari, wala mguu usilale juu ya klachi. Magurudumu ya mbele yasiunganishwe kwenye lami kavu, kwa maana ekseli mbili hushindana wakati wa kukata kona na kuzitesa gia. Kirungu cha njano ni cha matope na mchanga. Mkono mwekundu ubadilishwe gari likiwa limesimama kabisa. Na dereva yeyote ambaye gia imemruka mteremkoni, hata mara moja tu, asitie mzigo wala watu garini hadi sababu ijulikane.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika Land Rover ya zamani ufa huo ni sili inayoenea kiganjani, na njia ya kuugundua ni kufungua plagi mbili siku ya mapumziko, mwanga ungalipo.